Karani na Mvua za Mama

Karani hakumwamini mtu yeyote aliyemwambia kompyuta yake imekufa. Ukisema hivyo mlangoni kwake, hakukukaribisha. Alikuacha umesimama hapo na mzigo wako kifuani, akashusha miwani hadi ncha ya pua, akauliza, "Imekufa? Wewe ni daktari? Umeipima?"

Mtu angebabaika. "Hapana, Karani. Ni vile imekataa kuwaka."

Hapo uso ungefunguka. "Ee! Sasa umesema. Imekataa. Ingia tuiulize ni kwa nini imekataa."

Watu wa Kalamba walimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa shule ya sekondari miaka mingi, akipiga taipu mitihani na barua za mwalimu mkuu. Alistaafu, jina likakataa kustaafu. Kanisani alikuwa Karani, sokoni Karani, na wajukuu wake walimwita Susu Karani, yaani bibi Karani. Mimi ninafundisha shule ya msingi ng'ambo ya mto, na kwa muda wote niliomjua sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake la kuzaliwa. Hata kwenye orodha ya michango ya kanisa aliandikwa hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, kwa mkono wake mwenyewe.

Kompyuta alijifunza akiwa mtu mzima. Shule ilipoletewa ya kwanza, ilikaa ofisini imefunikwa shuka kama maiti kwa sababu walimu waliogopa kuiharibu. Shule zilipofungwa Desemba, Karani aliomba ufunguo wa ofisi. Kila siku baada ya kulisha mbuzi alienda kusoma kile kitabu cha maelezo, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa mapajani. Walimu waliporudi Januari walikuta orodha za madarasa zimechapishwa na kubandikwa milangoni. Mwalimu mkuu alimuuliza nani amemfundisha. "Kitabu," akajibu. "Na makosa."

Alikuwa na maswali matatu, na hakugusa bisibisi kabla hujayajibu. Mara ya mwisho iliwaka lini? Ulisikia nini? Ulipoona imekataa, uliigusa wapi? Swali la tatu ndilo watu walilidanganyia. Mzee mmoja wa kanisa aliapa kwamba hakuigusa mashine yake hata kidogo. Karani alifungua kifuniko, akachungulia, akatoa kitu kwa vidole viwili.

"Na hii ni nini, mzee?"

Kilikuwa ncha ya kisu cha kupaka siagi.

"Nilikuwa natoa vumbi tu," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Vumbi limetoka. Kisu ndicho kimebaki."

Alicheka hadi akaketi, na yule mzee naye akacheka, na mashine iliwaka siku hiyo hiyo. Kwa Karani uongo haukuwa dhambi kubwa sana, ilimradi ukiri kabla stima haijawashwa.

Meza yake ilitandikwa blanketi la kijivu, kuukuu, safi. Juu ya blanketi kulikuwa na trei ya mayai, ile ya karatasi ngumu, na ndani ya kila shimo aliweka skrubu za sehemu moja. Ya kwanza kutoka ililala shimo la kwanza, ya mwisho shimo la mwisho, na wakati wa kufunga alirudi kinyume. Sikuwahi kuona skrubu ikibaki mezani kwake. Mafundi wa simu wa Malili, walio na vibanda kando ya barabara kuu ya Mombasa, walimcheka kwa sababu ya ile trei. Lakini wakishindwa na mashine walimtumia mwenye mashine akiwa ameibeba, wakimwagiza asiseme nani amemtuma. Karani alijua kila mara. "Hii imetoka Malili," alisema akiinusa. "Inanuka mikono yenye haraka."

Watu aliwafokea. Mashine alizinong'oneza, tena kwa Kikamba, kwa sauti ambayo mtu humtumia ng'ombe anayezaa kwa shida. Nilimuuliza kama anaamini zinasikia.

"Hazisikii," akasema. "Mimi ndiye nasikia. Nikijipigia kelele, nitasikia nini tena?"

Kulikuwa na neno moja ambalo hukulitaja kwake kabla ya chai, nalo ni fomati. Fundi wa haraka akiona kompyuta imekataa kuwaka huifomati, yaani huifuta yote na kuanza upya, nayo inawaka vizuri sana, tupu kabisa. Karani aliliona jambo hilo kama kumfukuza mwenye nyumba ili mlango ufunguke. "Mtu hakuleta chuma hapa," aliniambia. "Chuma kiko tele dukani. Ameleta vitu vyake viko ndani ya chuma."

Ilikuwa ajabu basi kwamba yeye mwenyewe hakuweka vitu. Barua alizopokea alizisoma mara mbili akawashia jiko. Hakuwa na picha ukutani, hata moja, isipokuwa kalenda. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, na ikilia alisimama wima ndipo aipokee, mkono mmoja nyuma, kama bado mwalimu mkuu anampigia kutoka ofisi ya pili. Na huyu mwanamke ambaye hakuogopa waya wala moshi wala mzee wa kanisa, aliogopa mijusi. Ndani ya kompyuta za nyumbani huku kwetu kuna joto zuri, na mijusi wa nyumba huingia kwenye matundu ya nyuma kutagia. Karani alifungua kila kifuniko akiwa na ufagio kwapani. Mjusi akitoka, alipanda kiti na kupiga yowe lililofika sokoni, kisha alishuka, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaendelea na kazi bila kulizungumzia.

Kanisani alikaa benchi la pili, upande wa dirisha. Jumapili moja kompyuta inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani ilikataa kuwaka. Mhudumu alibonyeza, akabonyeza, jasho likamtoka. Mchungaji akasema tuiombee ibada, maana adui anapigana nayo. Tukainamisha vichwa. Katikati ya maombi nilisikia viatu. Karani alikuwa ameinuka, akapita kando ya ukuta hadi kwenye soketi, akabonyeza swichi iliyokuwa imezimwa, akarudi kuketi. Tuliposema amina, ukuta ulikuwa umejaa mwanga. Washirika walipiga vigelegele. Karani alipiga makofi pamoja nao. Nilipomkamata nje baadaye, alinitazama kwa mshangao. "Mimi nilikuwa naomba pia," akasema. "Niliomba nikitembea."

Sasa nifike kwa mashine yangu.

Mama yangu alipewa chombo cha kupimia mvua na bwana shamba mmoja zamani, mimi nikiwa mtoto. Bwana shamba alihama, mama akaendelea. Kila mvua iliponyesha, asubuhi yake alisoma chombo akaandika kwenye daftari: tarehe, kiasi, na mto umefika wapi. Mto wetu ni wa mchanga. Hupita maji siku chache kwa mwaka, na mama aliandika kama yamefika kivuko cha juu, au yamevuka hadi kona ya chini, na yamekaa siku ngapi. Madaftari yalifika kumi na tisa. Likizo mbili nzima nilikaa kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nikiyanakili yote, mama akinisomea pale wino ulipofifia. Tulipomaliza niliyaweka madaftari kwenye katoni, nikaiweka katoni stoo, chini sakafuni. Nilimwambia mama kwa majivuno, "Sasa mvua zako ziko salama. Zote ziko ndani ya kompyuta."

Mchwa walikula katoni nzima. Nilipoinua kifuniko nilikuta udongo na vipande vya majalada. Sikumwambia mama. Nilijiambia haidhuru, ziko ndani ya kompyuta.

Kisha maafisa wa maji wakatangaza kwamba watajengea kijiji bwawa la mchanga, ule ukuta wa kuzuia mchanga mtoni ili maji yakae ndani yake. Wengi walitaka lijengwe kona ya chini, kwa sababu lori linafika kwa urahisi. Mama alisema kona ya chini hukauka upesi, kivuko cha juu ndicho hushika maji hata mwaka mbaya. Walimsikiliza kwa heshima wanayopewa wazee, yaani waliitikia kwa vichwa wakaendelea. Afisa mmoja tu ndiye aliyesema, "Mama, kama uko na rekodi, zilete Alhamisi. Tutaziangalia."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo radi ilipiga, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Jumanne saa nne nilibonyeza kompyuta yangu. Feni ilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi, kisha mstari mmoja wa herufi nyeupe ukatokea, ukakaa hapo. Nilizima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Mara kumi, labda zaidi.

Niliibeba hadi kwa Karani kwa mkokoteni wa jirani, nimeifunga kwa leso mbili.

"Imekataa kuwaka," nikasema kabla hajauliza.

"Mara ya mwisho?"

"Jana, kabla ya radi."

"Ulisikia nini?"

"Feni. Na kitu kama saa. Ta, ta, ta."

Akasimama kabisa. "Uliigusa wapi?"

Nilimwambia ukweli. "Nimeizima na kuiwasha mara kumi."

Hakunifokea. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alivuta kiti akanikalisha, akafungua kifuniko, ufagio kwapani. Hakukuwa na mjusi. Alibadilisha waya unaokwenda kwenye diski, lile sanduku dogo la chuma ambamo kila ulichoandika kinalala, akaniambia nibonyeze. Feni ikazunguka. Ta, ta, ta.

"Zima! Zima sasa!"

Nikazima. Karani aliweka kiganja juu ya diski kama anampima mtoto homa.

"Mwiitu," akaniambia. Ni neno la Kikamba la kumwita msichana, nami nilikuwa mama wa watoto wa sekondari. "Mashine yako ni nzima. Diski ndiyo inaumwa. Kila ukiiwasha inajikwaruza. Umeiwasha kumi. Sijui imebakisha ngapi. Pengine moja."

Nilianza kulia, nikamwambia yote: madaftari, katoni, mchwa, Alhamisi, na kwamba mama hajui. Alinisikiliza akipangusa miwani. Kisha akaenda kupika chai. Nilikaa nikitazama diski yangu juu ya blanketi, nikiisikia ile sufuria ikichemka, nikitamani kupiga kelele.

Aliporudi alikuwa amechangamka kama mtu anayejiandaa kwa harusi. "Tutafanya hivi. Hatuiwashi kwa mashine yako. Naifunga kwa yangu, iwe kama mgeni tu. Isiulizwe mambo mengi, iulizwe moja. Nyumba inaungua na unaweza kutoa kitu kimoja. Unatoa nini?"

"Mvua."

"Folda inaitwaje?"

"Mvua. Imeandikwa hivyo. Na picha za harusi, Karani, ziko—"

"Kimoja."

"Mvua."

Alifunga diski kwenye kompyuta yake kwa waya mfupi, akaiweka juu ya kitabu ili isitetemeke. Akazima redio. Akafunga dirisha kuzuia vumbi, tukabaki na joto letu. Alianza kunong'ona kwa Kikamba, na kidole chake kikabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Kisha, kwenye skrini yake, herufi mpya ya diski, alama kwamba mashine imeiona, ikatokea pembeni.

"Usipumue," akaniambia, naye mwenyewe hakupumua. Alifungua. Jina likaonekana: Mvua. Akalikokota. Mstari wa kijani wa kuonyesha nakala imefika wapi ukaanza kutambaa. Ulifika robo. Ulifika nusu. Ulifika zaidi kidogo ya nusu ukasimama, na diski ikagonga. Ta. Ta. Nilimshika Karani mkono, naye akaushika wangu, na tulikaa hivyo kama wasichana wawili wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ta. Kimya. Mstari ukaruka, ukatambaa, ukajaa, ukapotea.

Karani alibonyeza mara mbili. Faili ikafunguka. Tarehe, kiasi, kivuko cha juu, kona ya chini. Mwaka baada ya mwaka.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna mjusi. Karani hakunitazama. Alikuwa tayari anatoa nakala: moja kwenye flashi yangu, moja kwenye mashine yake, moja akaipeleka kwa printa yake ya zamani iliyoguna kama punda. "Mchwa hula karatasi," akasema huku akipokea kurasa. "Diski huharibika, flashi hupotea. Lakini vyote vitatu siku moja? Hapo ni Mungu anataka, na ukubali."

Ndipo aliposema, "Sasa harusi."

Picha kumi na moja zilitoka. Kwenye ya kumi na mbili diski iligonga mara ya mwisho na skrini ikasema haiioni tena. Alijaribu mara moja tu, akaacha. Picha moja kati ya zile kumi na moja ni ya ng'ombe wa mjomba akila shada la maua. Tunaipenda kuliko ambavyo tungezipenda zote mia tatu.

Alhamisi nilisimama mkutanoni na zile karatasi, nikasoma. Nilisoma miaka ya mvua nyingi na miaka ambayo watu walinyamaza kwa sababu walikumbuka njaa yake. Nilisoma kila mahali mama alipoandika "kona ya chini, siku nne," na "kivuko cha juu, siku thelathini na mbili." Afisa alikuja akasimama begani kwangu, akisoma pamoja nami kwa midomo. Aliomba nakala. Mama alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya fimbo, akirekebisha tarehe pale nilipoikosea, bila kutazama karatasi yoyote. Bwawa lilijengwa kivuko cha juu. Msimu wa pili tulichota humo hadi Septemba.

Jioni ya Alhamisi ile, kabla jua halijazama, nilimwambia mama kuhusu mchwa.

"Kwani niliziandika zikae kwa katoni?" akasema. "Niliziandika zisomwe. Leo zimesomwa."

Karani alikuwa mkutanoni, nyuma kabisa. Mwenyekiti alipotaka asimame ashukuriwe, simu yake ya vitufe ililia, akatoka nje kuipokea. Ninaamini hadi leo kwamba hakuna aliyempigia.

Baadaye alihamia Mutomo, kusini mwa Kitui, kwa binti yake mkubwa, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumwacha. Nilienda kumwona likizo ya Aprili. Nilimkuta uani kwenye kivuli cha nyumba, macho yote mawili yamefunikwa pamba nyeupe baada ya upasuaji, ameketi wima kana kwamba anangoja kuhojiwa. Mbuzi walikuwa wakipita barabarani kuelekea soko.

"Nani huyo anakanyaga kama mwalimu?" akauliza kabla sijasalimu.

Tulikumbatiana. Hatukuwa tumemaliza habari za Kalamba wakati binti yake alipotoka ndani, aibu usoni. Kompyuta yake ilikuwa imekataa kuwaka tangu wiki iliyopita. Ndani yake kulikuwa na fomu za mikopo ya chama cha akina mama wa hapo, na mtu wa mjini alikuwa amesema hakuna la kufanya. "Sikutaka kumwambia mama," akaninong'oneza. "Daktari amesema asijisumbue."

"Nimefunikwa macho," Karani akasema. "Masikio hayajafunikwa. Ileteni hapa."

Tuliiweka mezani sebuleni. Karani aliketi kwenye kochi, mgongo kwetu, maana kwake haikuwa na tofauti. "Washa."

Nikabonyeza. Mashine ikalia.

"Milio mingapi?"

"Sikuhesabu."

"Basi hesabu. Tena."

"Mitatu. Mirefu."

"Kumbukumbu," akasema papo hapo, na nikaona shingo yake ikinyooka kwa furaha. "Kuna kibao kirefu chembamba, kina meno ya dhahabu upande mmoja. Chomoa waya wa stima kwanza. Bonyeza swichi uishike, uhesabu mpaka kumi. Sasa fungua. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Sukuma vile vishikio kando. Kitainuka chenyewe. Sasa unahitaji raba. Ya kufutia penseli."

Mimi ni mwalimu. Nilikuwa nayo mkobani. Nilisugua yale meno ya dhahabu polepole, akinielekeza kwa sauti tu, na raba ikatoka nyeusi. Binti yake alishika tochi ya simu kwa mikono miwili. Nilikirudisha kile kibao mahali pake.

"Kimelia?"

"Hapana."

"Basi hakijaingia. Lazima kilie. Bonyeza kwa dole gumba. Usikionee huruma."

Kililia: kak. Nilifunga, nikarudisha waya, nikawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha mwanga, kisha ile picha ya mlima ambayo binti yake aliiweka. Binti alipiga kelele akamkumbatia mama yake kwa nyuma, na Karani akacheka huku akiishika pamba isidondoke.

"Zima," akaniambia.

"Karani, si imewaka?"

"Imewaka mimi nikiwa hapa. Zima, uwashe tena. Mimi nimechoka na nyinyi, nasikia mahindi ya muthokoi yakiungua."

Aliinuka, akashika ukuta, akaenda jikoni hatua kwa hatua, akikataa mkono wa binti yake. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiinuliwa. Nilizima. Nilingoja skrini iwe nyeusi kabisa. Nikabonyeza.

Mlio mmoja mfupi. Kabla sijafungua mdomo kusema lolote, sauti yake ilitoka jikoni, ikimwambia binti yake, "Ongeza sahani moja. Fundi atakula hapa."